Kabla Hujaingia Jikoni kwa Mama Wafula

Naliaka mwanangu,

Usiisome barua hii mbele ya watu. Ninajua unavyolia, na sitaki wakwe wadhani tumekuozesha kwa nguvu. Mambo ya kuamka mapema, kusalimia wazee kwa heshima na kutobishana na mume akiwa na njaa, shangazi zako wamekuambia wiki nzima mpaka masikio yangu mimi ndiyo yamechoka. Mimi sina la kuongeza hapo. Ninaandika kwa sababu ya jambo moja tu, nalo ni jikoni utakakopikia.

Kesho Wafula na watu wake wanakuja kukuchukua, wakupeleke kwao Moi's Bridge. Unajua desturi yetu. Bibi arusi haendi na moto wake. Atapika jikoni kwa mama mkwe, kwenye mafiga ya mama mkwe, mpaka siku mama mkwe mwenyewe atakapomwambia, haya mwanangu, sasa washa moto wako. Kwa wengine ni miezi, kwa wengine ni miaka. Mimi nimeingia jikoni kwa Mama Wafula nikaona kulivyo. Tangu siku hiyo nimekuwa na hofu ambayo sikumwambia mtu, hata baba yako, mpaka jioni hii.

Kwamba nina kansa ya mapafu unajua. Ulisikia, ukalia, ukataka harusi iahirishwe, nikakataa, tukagombana mpaka baba yako akatoka nje akajifanya anatengeneza banda la kuku. Lakini kuna maneno yaliyosemwa ndani kwa daktari ambayo hukuyasikia, kwa sababu ulikuwa kwenye foleni ya dawa. Uliponiuliza njiani nilikuwa na nini, nikakwambia ni njaa tu. Haikuwa njaa. Nilikuwa nimepigwa na butwaa, na mpaka leo sijatoka humo.

Yule daktari ni msichana, nadhani anakuzidi wewe umri kidogo tu. Aliweka zile picha za kifua changu kwenye mwanga, akaketi, akaniuliza nimevuta sigara kwa muda gani. Nilicheka, Naliaka. Mimi, ambaye hata ugoro wa bibi yangu nilikuwa naushika kwa vidole viwili! Nikamwambia sigara naijua kwa kuiona midomoni mwa watu. Akauliza kama baba yako anavuta. Nikamwambia yule anavuta kiti tu, akishafika nyumbani. Akatabasamu kidogo, halafu akaniuliza napikia nini.

Sasa mimi nilifikiri mtoto wa watu ananipigia tu stori ili nisiogope. Nikafurahi. Unajua mtu akinigusa kwa mambo ya jiko langu nasahau hata kilichonileta. Nikaanza kujisifu. Nikamweleza jiko la vumbi la mbao tangu mwanzo: kwamba unachukua kopo kubwa la rangi, unalitoboa chini ubavuni, unasimamisha chupa katikati, unajaza vumbi la mbao kandokando ukilishindilia kwa mchi, halafu unaitoa chupa polepole ili shimo libaki. Unawashia chini. Vumbi linateketea pole pole kuanzia asubuhi, na jioni githeri yako ya mahindi na maharagwe imeiva bila wewe kugusa kitu. Nikamwambia wengi hawajui siri yake. Siri ni upepo. Upepo ukiingia, vumbi linashika moto wa haraka na saa chache tu limekwisha. Kwa hiyo, nikamwambia, unafunga dirisha, unaziba matundu ya hewa kwa magunia, unaweka tambara chini ya mlango, na moto unakaa mle ndani siku nzima kwa utulivu. Na joto lake nalo unalala nalo bure.

Nilikuwa nazungumza huku mikono yangu ikimwonyesha jinsi ya kushindilia. Ndipo nikaona ameacha kuandika. Alikuwa ananitazama tu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, na nyinyi mlikuwa mnalala humo?"

Nikasema ndiyo. Chumba kilikuwa kimoja.

"Miaka mingapi?"

Hapo ndipo niliposikia nilichokuwa nimekisema. Mikono yangu ilikuwa bado iko hewani. Niliishusha nikaikalia, kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

Aliniambia bila ukali. Alisema hawezi kuapa kwamba moshi peke yake ndio ulioniletea ugonjwa, kwa maana mwili wa mtu hausomeki kama gazeti. Lakini alisema moshi wa kuni, wa makaa, wa vumbi la mbao, ukifungiwa ndani ya nyumba na mtu akauvuta mwaka baada ya mwaka, ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana kuleta kansa ya mapafu, hata kwa mtu ambaye hajawahi kugusa sigara. Alisema anawaona wanawake wengi wa namna yangu. Wanakuja wamechelewa, kwa sababu wao wenyewe na hata wauguzi wengine wanadhani kansa hiyo ni ya walevi na wavuta sigara. Nikamuuliza, sasa mbona hakuna aliyetuambia? Mimi nikakumbuka kwamba hata mimi niliwahi kuambiwa, na wewe ndiye uliyeniambia.

Unakumbuka? Ulikuwa darasa la tano au la sita, kule mtaa wa West Indies, kwenye ploti tulipokuwa tumepanga chumba. Ulitoka nje na kitabu chako, macho mekundu, ukasema mwalimu amewafundisha moshi unaharibu mapafu. Nilikuwa napepeta maharagwe ya githeri niliyokuwa nawauzia wateja. Nikakwambia urudi ndani uchochee. Nikakwambia msichana anayekimbia moshi ataolewa na nani. Tena nikawaita majirani wakusikie, tukakucheka, "Daktari wa mapafu huyo!" Ukarudi ndani ukipiga miguu chini kwa hasira. Maneno yale hata hayakuwa yangu. Niliyapata kwa nyanya yako mzaa baba, nilipoingia jikoni kwake nikiwa bibi arusi, nikatoka mara mbili kupangusa macho. Aliniambia mwanamke hulia matanga, halii moshi. Nikayameza, nikakuzaa, nikakulisha wewe pia.

Na ukitaka kujua ujinga unavyojijenga, sikiliza hili. Kikohozi kilipoanza, nilisema ni baridi ya Eldoret. Nani hasemi hivyo hapa? Mwezi wa saba mji huu wote unakohoa. Sasa kwa kuwa ni baridi, nikazidi kuziba. Nikaongeza gunia la pili kwenye tundu la juu ya mlango. Nikashindilia kopo la pili ili tulale na joto. Nikazidi kukohoa, nikazidi kuziba. Nilipokwenda zahanati nikapewa dawa ya kikohozi, halafu nyingine, halafu wakasema huenda ni TB, nikameza vidonge vile mpaka mkojo ukawa rangi ya machungwa. Nilipokuja kukohoa damu ndipo nilipopelekwa penye picha za kweli. Siku zote hizo dawa nilikuwa nazimezea palepale, nimeketi mbele ya jiko.

Haya, na mtungi wa gesi. Ulipopata kazi ya kufundisha, kitu cha kwanza kuniletea kilikuwa mtungi wa gesi na jiko lake la vichomeo viwili. Nilikubariki mbele ya watu wote. Halafu nikaufunika kitambaa nilichofuma mwenyewe, nikauweka chini ya meza, nikawa nautoa wageni wakija ili waone chai inachemka upesi. Ulipokuwa ukiniuliza kwenye simu kama natumia gesi, nilikuwa nasema natumia. Nilikuwa naogopa utalipuka. Kitu kinachosema "pshh" nilikiogopa, na kile kilichokuwa kinaniua kwa upole nililala nacho. Haki ya Mungu, Naliaka, nikifikiria hapo nasimama katikati ya nyumba nikiwa nimeshika mwiko, nasahau nilikuwa naenda wapi.

Kinachoniuma zaidi ni wale niliowafundisha. Ploti nzima ilijifunza jiko la vumbi la mbao kwangu. Wanawake walikuwa wananiletea makopo yao niwatobolee, na mimi nikiwaonyesha jinsi ya kuziba matundu, tena kwa mbwembwe, eti hao wajenzi waliacha mashimo ukutani kwa uvivu. Wiki iliyopita nimerudi pale. Hukujua, nilisema naenda kanisani. Nilibisha mlango mmoja mmoja nikawaambia wayatoe magunia, dirisha liwe wazi, na jiko lipikiwe nje penye kivuli. Mama mmoja alinipa chai akaniambia pole kwa ugonjwa, lakini mama, na baridi hii? Nilimtazama, nikajiona mimi mwenyewe nikiwa na nguvu zangu. Sikumlaumu. Niliingia mwenyewe ndani nikapanda kiti nikavuta gunia lake nikaondoka nalo. Akanifuata mpaka langoni akidhani kansa imenipanda kichwani.

Utajiuliza kifua chako wewe kikoje. Hilo ndilo swali la kwanza nililomuuliza daktari nilipopata sauti. Nilimwambia nina mtoto mmoja, alilala kwenye kile chumba tangu akinyonya. Alisema nisikutie hofu. Alisema moshi ukiuacha mapema mwili unapata nafuu, na ambao hujauvuta hauwezi kukudhuru. Kikohozi kisichoisha, damu, kukondeana bila sababu, kukosa pumzi, hivyo visikaliwe. Basi. Ila alikazia neno moja: usiongeze. Nikatoka pale na hilo neno.

Halafu tukaenda kwa kina Wafula.

Wewe hukuwepo, maana bibi arusi haendi kuonyeshwa nyumba atakayokaa. Tulikwenda mimi, baba yako na shangazi zako. Walitupokea vizuri sana, sitawasingizia. Boma safi, ghala limejaa mahindi, watu wa heshima. Mama Wafula ni mwanamke mpole, anacheka kwa macho. Wakati wa kupakua chakula akaniambia, mkwe, njoo uone binti yetu atakapokuwa anapikia. Nikainuka nikamfuata.

Naliaka, nilifika mlangoni nikasimama. Kule ndani ni kweusi tii. Mbegu za mahindi zimening'inia darini juu ya moto, zipate moshi wa kuwakimbiza wadudu, na ili moshi ule usipotee, paa limeshikana na ukuta kote kwa udongo, hamna hata mahali pa kupitisha kidole. Anapikia magunzi ya mahindi. Dirisha lipo, lakini limejengewa kwa matofali. Akaniambia kwa fahari kwamba mbegu zake hazijawahi kutobolewa na wadudu, na majirani huja kuomba. Nilimsikia anajisifu na nilijua sauti ile ni ya nani. Nilitaka kusema kitu. Halafu akainama kuchochea moto, akakohoa.

Nakijua kikohozi hicho. Kinaanzia chini kabisa, kinavuta, kinakatika kama mtu aliyekumbuka jambo, halafu kinarudi. Ndicho ninacholala nacho. Alikohoa akajifuta mdomo na ncha ya leso, akaikunja upesi, akanitazama kuona kama nimeona.

Na mimi nikafanya nini? Nikatazama mbegu. Nikasema, mbegu nzuri kweli, mkwe. Kwa sababu kwa wakwe hukosoi nyumba, huulizi ugonjwa, hata chumvi ikizidi unakula na kusifu. Nikarudi nikakaa nikala kuku wa watu, kifua changu kinanibana nikikibana na mimi nisikohoe mbele yao, wasije wakasema tumewapa mtoto kutoka nyumba ya wagonjwa. Baba yako alikuwa anasema hadithi, watu wanacheka. Mimi na Mama Wafula tulikuwa tumeketi tukitazamana na leso zetu mikononi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza nitakupa shauri gani. Nikuambie umkatalie mama mkwe jikoni kwake, siku ya kwanza, useme mama yangu amesema huku kuna moshi? Watakuita msomi mwenye kiburi, na jina hilo halitoki. Nikuambie uvumilie? Hilo ndilo nililoambiwa mimi. Nilifikiria nikufundishe ujanja: uwashe moto kwa magunzi makavu tu, uuache mlango wazi, ubebe mboga ukazichambulie nje, umwombe Wafula atoboe ukuta kidogo kidogo kila Jumamosi kama panya. Nimeyaandika yote hayo kwenye karatasi nyingine na nimeichana. Nitakuwa nakufundisha kuishi na simba kwa kunyata.

Jioni hii, ulipokuwa unasukwa nywele na wasichana wanaimba, nilichukua simu nikaenda nyuma ya nyumba. Nilimpigia Mama Wafula. Ninajua haistahili. Usiku wa kuamkia siku ya kuchukuliwa mtoto, mama wa bibi arusi haongei na upande ule, kila mtu anajua. Alipokea kwa hofu, akaniuliza kama kuna msiba.

Nikamwambia hakuna msiba bado. Nikamwambia mimi nina kansa ya mapafu, sijawahi kuvuta sigara, na daktari amenionyesha moshi wa jikoni kwangu kwa kidole. Nikamweleza kuhusu kopo na magunia, kila kitu. Nikamwambia siku ile nilikisikia kikohozi chake nikaona haya kusema. Nikamwambia huenda si kansa, inaweza kuwa TB, inaweza kuwa pumu, mimi si daktari, lakini asikae nacho, aende akapigwe picha wakati bado kuna la kufanywa. Nikamwomba msamaha kwa kumvunjia heshima.

Nikasikia anavuta pumzi.

"Mama Naliaka," akasema, "hata mimi nilikisikia chako."

Nilikaa chini kwenye nyasi na nguo yangu nzuri. Akaniambia siku ile kule mezani aliniona ninavyokibana, na alitaka kuniuliza kama najua hospitali, kwa sababu amekohoa damu tangu mahindi yapandwe na hajamwambia mtu, hata Wafula. Alisema aliogopa tusije tukamnyima mtoto. Mimi niliogopa wasije wakamkataa mtoto. Tungeendelea hivyo na adabu zetu, Naliaka, mpaka mmoja ahudhurie mazishi ya mwenzake na kusifu chakula. Tulilia wote wawili kwenye simu mpaka ikaanza kulia kwamba chaji inaisha.

Tumekubaliana. Jumanne anakuja Eldoret, nitampeleka kwa yule daktari msichana, tutaketi foleni pamoja. Wafula ataambiwa na mama yake mwenyewe, usimtangulie. Sijui wataona nini kwenye picha zake. Ninamwombea apate jibu jepesi kuliko langu.

Kabla ya kukata akaniuliza swali moja. Akauliza, "Na msichana, yeye anakohoa?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia kifua chake ni kizima, anaimba kwenye kwaya, anapanda mlima akiongea.

Halafu nikasikia akimwita mtu pale kwao, akamwambia alete nyundo ya kubomoa matofali ya dirisha la jikoni. Akarudi kwenye simu akaniambia, "Basi hatapika humu moshini."

Nenda, mwanangu.

Mama yako